Jibu la Kijana Huishia Wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliingia katika shule za msingi za vijijini mkoani Mwanza wakiwa na maswali ambayo mzazi hamuulizi mwanawe na mwalimu hamuulizi mwanafunzi wake. Umeshaanza kujamiiana? Na nani? Mara ya mwisho mlitumia kondomu? Mradi wenyewe, MEMA kwa Vijana, uliendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na shirika la afya la AMREF na Chuo cha Afya na Tiba za Tropiki cha London. Maeneo 20 yalipigiwa kura. Nusu yalipata mafunzo ya afya ya uzazi darasani na huduma rafiki kwa vijana kwenye zahanati, nusu yakabaki ya kulinganishia. Vijana 9,645 waliandikishwa, wakafuatiliwa kwa miaka mitatu hivi.

Majibu ya dodoso yalipendeza. Waliopata mafunzo walijua mengi zaidi, wavulana walisema wamepunguza idadi ya wapenzi, na matumizi ya kondomu yalionekana kupanda. Damu na mkojo vikasema vingine. Maambukizi ya VVU na ya kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007. Watafiti wakarudi vijijini mwaka huo na uliofuata, wakawapima vijana 13,814, na picha ikawa ileile. Mradi wa namna hii ukitegemea dodoso peke yake hutangaza ushindi, hupewa fedha za awamu ya pili, na mambo huishia hapo.

Timu ya Mwanza inastahili sifa kwa jambo moja ambalo watafiti wengi hulikwepa: waliyachunguza majibu yenyewe. Katika makala iliyochapishwa mwaka 2004 walilinganisha njia tano walizozitumia katika vijiji hivyohivyo. Kulikuwa na vipimo vya maabara. Dodoso la ana kwa ana. Dodoso ambalo wanafunzi walijijazia wenyewe huku mtu akiwasomea maswali kwa sauti. Mahojiano ya kina. Na watafiti vijana waliokwenda kuishi na familia vijijini, wakalima nao, wakaenda nao ngomani na kusikiliza soga za jioni. Madodoso yalijaa mkanganyiko. Kijana aliyesema ndiyo kwenye dodoso moja alisema hapana kwenye lingine. Wapo waliokutwa na ugonjwa wa zinaa au ujauzito ilhali wameandika kwamba hawajawahi kujamiiana, na wasichana walificha zaidi kuliko wavulana. Mahojiano ya kina ndiyo yaliyowafungua zaidi wasichana waliokutwa na maambukizi. Kuishi nao kijijini ndiko kulikoonyesha mambo yanavyokwenda hasa: zawadi, ahadi, mikutano ya njiani baada ya ngoma, na hesabu ya nani ajue na nani asijue.

Somo ambalo wengi hulichukua hapo ni kwamba vijana ni waongo, basi kitafutwe chombo cha kuwabana zaidi. Mimi naona hoja hiyo imesimamishwa kichwa chini miguu juu. Kijana anayeulizwa jambo la siri hupiga hesabu ya haraka: nani anasikia sasa hivi, nani atasoma kesho, na habari ikifika huko itanifanya nini. Anayejibu uongo baada ya hesabu hiyo mara nyingi ana akili timamu kuliko aliyelitunga swali. Kwa hiyo kila njia ya kukusanya taarifa nyeti ipimwe kwanza kwa safari ya jibu, kuanzia mdomoni au kwenye kidole cha kijana mpaka mahali linapolala.

Tuanze na chombo, maana ndicho kilichomeza fedha nyingi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 matumaini yalikuwa kwenye kompyuta. Kijana huvaa vipokea sauti masikioni, husikia swali lililorekodiwa kwa lugha yake, kisha hubonyeza namba au rangi. Asiyejua kusoma hatengwi, na hakuna sura ya mtu mbele yake ya kumwonea haya. Ilionekana kama dawa. Watafiti wa shirika la Population Council waliijaribu Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2003, na hayakwenda upande mmoja. Kompyuta ilipata majibu mengi zaidi kuhusu mambo mazito, kama kulazimishwa au kujamiiana na mtu asiyefahamika. Lakini kwa swali la kawaida la kama mtu ameshawahi kujamiiana, haikumshinda mdodosaji wa kawaida kwa namna ya kutegemewa.

Malawi ilitoa kisa cha kustaajabisha zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka vijijini, wasichana walioulizwa ana kwa ana walikubali zaidi kuwa wameshawahi kujamiiana kuliko wale wa kompyuta. Maswali yaliposhuka kwenye aina mojamoja ya mwenzi asiye rafiki wa kiume, kwamba umewahi na mtu unayemfahamu tu, na ndugu, na mtu usiyemjua, kompyuta ikaruka juu kwa mbali. Msichana yuleyule aliyebonyeza hapana kwenye swali la jumla aliweza kubonyeza ndiyo kwenye maswali madogo. Anayetunga dodoso ajifunze hapo kwamba swali la jumla hubeba hukumu. Humtaka msichana ajiweke kwenye kundi la walioharibika au la waliotulia. Swali dogo lenye tukio ndani yake humtaka akumbuke tu.

Zimbabwe nayo ilijaribu sanduku la kura. Katika jimbo la Manicaland mhojiwa alijaza karatasi mwenyewe kwa maswali machache mazito na kuitumbukiza kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli, mbele ya macho yake. Watu waliripoti mengi zaidi kuliko kwa mazungumzo. Napenda njia hii kwa sababu ya wepesi wake: kijana analiona kufuli. Kompyuta huahidi usiri ambao huwezi kuushika kwa mkono, na katika kijiji ambacho mashine hiyo imeletwa na gari lenye nembo ya mradi, nani atamshawishi kwamba haimrekodi? Kenya ilitumia njia ya jamaa hiyo, ya vibanda vya kupigia kura, kwa makundi ambayo sheria na majirani huyaandama.

Chombo kina mipaka, na tena ni Zimbabwe iliyoionyesha wazi. Watafiti waliwapima wanawake kwa kipimo cha maabara kinachogundua mabaki ya shahawa kwa siku chache baada ya tendo bila kondomu, huku nusu yao wakihojiwa kwa kompyuta na nusu ana kwa ana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Katika wanawake ambao kipimo kiliwaonyesha wamejamiiana bila kinga siku za karibuni, karibu nusu walikuwa wamesema ama hawajajamiiana, ama wametumia kondomu kila mara. Kompyuta haikubadilisha lolote la maana.

Kikubwa kuliko hicho kilitokea katika jaribio la VOICE, lililowaandikisha wanawake 5,029 Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe kuanzia mwaka 2009, wengi wao wakiwa vijana. Walipewa vidonge au jeli ya kujikinga na VVU. Ukihesabu kwa maneno yao na kwa dawa walizorudisha, matumizi yalikuwa asilimia 90 hivi. Maabara ilikuta dawa kwenye chini ya theluthi ya sampuli. Jaribio likashindwa kusema kama dawa inakinga, kwa kuwa wengi hawakuimeza. Baadaye baadhi ya washiriki waliitwa tena, wakaonyeshwa matokeo ya damu yao wenyewe na kuulizwa upya bila lawama. Hapo ndipo wengine walipozungumza: hofu ya madhara, maneno ya jirani kwamba vidonge ni vya wagonjwa wa UKIMWI, mume au mpenzi asiyetaka kuviona ndani ya nyumba. Kwa nini hawakusema mapema? Kliniki ya utafiti ilikuwa na wauguzi wapole, vipimo vya bure na nauli. Aliyesema hamezi aliogopa kuyakosa hayo, au kumvunja moyo dada aliyemzoea. Ukarimu wenyewe ulikuwa umeweka bei juu ya ukweli.

Lakini maabara nayo isitukuzwe. Kipimo cha VVU kwa kijana wa miaka 16 hakithibitishi kwamba amejamiiana. Tangu dawa za kufubaza virusi zienee, maelfu ya watoto waliozaliwa na maambukizi wamekua, wamemaliza shule, wengine wana watoto wao. Mtafiti anayemwita kijana huyo mwongo kwa sababu dodoso lake linasema hajawahi amekosea mara mbili, kwenye hesabu na kwa kijana mwenyewe, na kosa la pili ni dhambi. Tena damu ina siasa yake. Katika pwani yetu hadithi za mumiani, wanyonya damu, zina umri mrefu kuliko taasisi yoyote ya utafiti, na huko Kilifi, Kenya, ambako taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na mfuko wa Wellcome wamekuwa wakifanya kazi tangu 1989, uvumi juu ya damu inakokwenda umelazimisha watafiti kujenga utaratibu mzima wa mikutano na wawakilishi wa jamii. Kuucheka uvumi huo ni uvivu. Unauliza swali lilelile la kijana: kitu changu kinakwenda wapi?

Sasa tuifuate safari yenyewe, hatua kwa hatua. Ya kwanza ni umbali wa sikio. Nyumba nyingi zinazofikiwa na wadodosaji zina vyumba viwili na pazia. Faragha iliyoandikwa kwenye pendekezo la utafiti kule mjini huku inageuka kuwa viti viwili vya plastiki chini ya mwembe, na watoto watatu wamesimama wanaangalia kishikwambi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 kuhusu utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake ulishaliona hili: mdodosaji awe na maswali ya bandia ya kuhamia mtu akitokea. Inavyokuwa ni hivi. Msichana ameanza kueleza habari ya mjomba aliyekuja kukaa nao. Mama anatoka jikoni na sinia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mazungumzo marefu hivyo?"

"Tunaulizana habari za vyandarua, mama. Hapa nyumbani mnavyo vingapi?"

Mama anahesabu, vitatu, kimoja kimechanika. Anaweka chai, anakaa kidogo, anaondoka. Mdodosaji mzuri hamrudishi msichana moja kwa moja pale alipoachia. Humaliza vyandarua, hunywa chai, kisha humuuliza kama angependa waendelee. Ustadi huo haumo kwenye programu yoyote, na mara nyingi hufundishwa kwa nusu siku, baada ya siku nne za kufundishwa kubonyeza kishikwambi.

Umri na jinsia ya mdodosaji vina uzito hapa. Kwa kawaida huajiriwa wahitimu wa chuo, wa jinsia moja na mhojiwa, na wasiotoka kijiji kile. Sina ugomvi na hayo. Ila mila zetu zina njia nyingine ambayo watafiti huitumia mara chache: katika jamii nyingi siri za mwili hazipiti kati ya mzazi na mtoto. Hupita kwa bibi na babu, ambao wana utani na wajukuu, au kwa somo anayemfunda mwali, au kwa shangazi kama ilivyo kwa ssenga wa Buganda. Mama wa miaka 60 mwenye utani mdomoni huenda akaambiwa yale ambayo binti wa chuo mwenye kishikwambi hataambiwa. Hatari yake ni kwamba bibi naye ana majirani.

Hatua ya pili ni shule, na hapa Tanzania ina historia nzito. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa miaka mingi msichana mwenye mimba alifukuzwa kwa msingi huo. Shule nyingi ziliwapima wasichana mimba bila hiari yao. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka 30. Mweke msichana wa darasa la saba wa miaka hiyo katikati ya mambo hayo. Anakuja mgeni mwenye dodoso shuleni, katika darasa lilelile, akiruhusiwa na mwalimu mkuu yuleyule, anaomba mkojo na kuuliza kama umeshaanza. Ndiyo yake inaweza kumtoa shule na kumpeleka mpenzi wake gerezani. Mtafiti anasema "ni siri", na mwalimu aliyemfukuza dada yake mwaka jana amesimama mlangoni. Nikisoma tena takwimu za Mwanza kwa macho hayo, ingawa zilianza kukusanywa kabla ya kanuni hizo, ninashangaa zaidi kwamba wapo waliosema ndiyo.

Kuna tatizo la pili la tafiti za darasani, nalo halina utata: aliyefukuzwa hayupo. Utafiti wa afya ya wanafunzi unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, ambao umefanyika Kenya na Tanzania, huwapa vijana wa miaka 13 hadi 17 karatasi ya majibu na penseli, darasa zima kwa pamoja, bila majina. Ni nafuu na unalinda usiri vizuri. Lakini waliozaa wakaacha shule, walioolewa, wanaovua samaki na walioko mitaani hawamo, na hao ndio tunaowatafuta.

Sheria inaingia hata pale ambapo shule haipo. Kenya, chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, aliye chini ya miaka 18 hawezi kuridhia, hata kama wote wawili wana miaka 16. Kijana anayejibu kwa ukweli anaandika maelezo ya kosa la jinai. Kuhusu kujiua mambo yalikuwa magumu zaidi: jaribio la kujiua lilikuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Tanzania kifungu cha namna hiyo bado kimo kwenye vitabu. Halafu tunashangaa kwamba vijana hawajazi kisanduku cha mwisho cha dodoso la sonona, kile cha mawazo ya kujiua.

Utafiti ulioifikiria safari yote kwa makini kuliko mingine, kwa maoni yangu, ni ule wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Vijana 3,739 wa miaka 13 hadi 24 walihojiwa. Wasichana na wavulana walichaguliwa kutoka maeneo tofauti, ili mkosaji na mkosewa wa kijiji kimoja wasiulizwe habari ileile. Kijijini ulitangazwa kwa jina la jumla la afya na maisha ya vijana. Na kabla ya swali la kwanza kulikuwa na mpango wa nini kifanyike mtoto akisema ameumizwa: nani atampokea, kwa gari gani, kwa fedha ya nani. Ripoti ilipotoka mwaka 2011 ilisema karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Serikali ilizipokea takwimu hizo hadharani, jambo ambalo si kila serikali hulifanya.

Hata hivyo utafiti huohuo una fumbo moja ambalo halijatulia akilini mwangu. Zanzibar takwimu zilikuwa chini sana, tena zimepinduka: wasichana asilimia 6 hivi, wavulana 9. Inawezekana ndivyo hali ilivyo. Inawezekana pia kwamba msichana wa Unguja au Pemba, ambaye heshima ya ukoo mzima imetundikwa kwenye mwili wake, ana sababu kubwa zaidi ya kunyamaza kuliko kaka yake. Dodoso lilikuwa lilelile na mafunzo yalikuwa yaleyale. Bei ya jibu huenda ndiyo iliyokuwa tofauti, na takwimu haina safu ya kuandika bei hiyo.

Mpango wa kumpokea mtoto aliyeumizwa unazaa utata wake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Basi mtafiti hawezi kuahidi usiri mtupu. Wengine huificha ibara hiyo katikati ya ukurasa wa tatu wa fomu ya ridhaa, ili isiwatishe washiriki. Mimi ningeisema kwanza, kwa sauti, kabla ya jina la mradi: ukiniambia jambo linaloonyesha uko hatarini, nitamwambia mtu fulani, na mtu huyo ni huyu. Wapo watakaofunga midomo. Afadhali hao kuliko aliyefunguka kwa kudanganywa.

Ridhaa yenyewe ni mlango ambao mara nyingi unawazuia walewale wanaohitajika. Kanuni ya kawaida ni kwamba mzazi aridhie na mtoto akubali. Barua inayokwenda nyumbani ikisema binti yenu ameombwa kushiriki utafiti wa magonjwa ya zinaa imeshatoa siri hata kabla ya swali la kwanza, maana baba atauliza: kwa nini wewe? Uganda imelishughulikia hili kwa uwazi. Mwongozo wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia wa mwaka 2014 unawatambua walio chini ya 18 ambao wana mimba, wameolewa, wana mtoto au wanajitegemea, na pia wenye miaka 14 hadi 17 walio na maambukizi ya zinaa au uraibu, kuwa wanaweza kuridhia wenyewe. Kenya ilitoa mwongozo wa jamaa hiyo mwaka 2015. Tanzania ilirekebisha sheria ya VVU mwaka 2019, na kijana wa miaka 15 anaweza kupimwa bila ridhaa ya mzazi. Lakini utafiti kwa kawaida bado humtaka mzazi mpaka 18, kwa hiyo kijana anayeaminiwa kupokea majibu yake ya VVU haaminiwi kujaza dodoso kuhusu hayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unaziruhusu kamati za maadili kusamehe ridhaa ya mzazi pale inapoleta madhara. Kamati zetu huiogopa ruhusa hiyo, na ninazielewa: likitokea jambo, gazeti litaandika kwamba wazungu walihoji watoto wetu kwa siri.

Njia nyingine nizitaje kwa haraka. Kuna ujanja wa kubahatisha aliouanzisha Warner mwaka 1965, ambao kwa namna yake rahisi huenda hivi: kijana hurusha sarafu bila wewe kuona; ikitua upande mmoja anasema ndiyo tu, ikitua wa pili anasema kweli. Katika vijana 1,000 unatarajia ndiyo 500 za sarafu. Ukipata 600, basi 100 kati ya 500 waliobaki wamesema ndiyo ya kweli, yaani asilimia 20. Hesabu ni safi. Kwa vijana wa umri mdogo haikai vizuri, kwa sababu mvulana asiyewahi kuvuta bangi hataki kusema ndiyo hata kwa amri ya sarafu. Kwa watoto wa miaka 10 hadi 14 visa vya kubuni hufaa zaidi: Asha ana miaka 13, rafiki wa kaka yake anamletea zawadi, afanye nini? Utapata kile jamii inachokiona sawa, hutapata alichofanya Asha wa kweli, na mwenye kuandika ripoti asisahau tofauti hiyo. Simu ilipata umaarufu mwaka 2020 shule zilipofungwa, na Uganda ilikuwa na U-Report ya UNICEF ya ujumbe mfupi tangu 2011. Ila simu ya msichana wa kijijini mara nyingi ni ya mama au ya kaka, na ujumbe hubaki ndani yake.

Hatua ya mwisho ya safari ndiyo isiyoonekana: seva. Uganda na Kenya zilipata sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Tafiti za taifa za afya na idadi ya watu huyasogeza makusudi maeneo ya vijiji kwenye ramani kabla ya kuyatoa, kwa kawaida mpaka kilomita 2 mjini na 5 vijijini, ili kijiji kisitambulike. Miradi midogo haina nidhamu hiyo. Sauti ya msichana anayeeleza alivyobakwa hukaa kwenye simu ya mdodosaji kwa wiki mbili kwa sababu mtandao ni mbaya, kisha hutumwa kwa mnukuzi anayelipwa kwa dakika, ambaye huisikiliza nyumbani kwake, pengine sebuleni. Na hata jina likiondolewa, kijiji kidogo hakihitaji jina. Miaka 16, yatima, mtoto mmoja, anauza dagaa: majirani wamekwishamjua.

Kwa bajeti ninazozifahamu, sehemu kubwa huenda kwenye magari, vishikwambi na posho za semina. Mshauri nasaha wa kusafiri na timu huwekwa mwishoni na hukatwa kwanza. Ningegeuza mpangilio huo kabla ya kununua programu yoyote mpya.

Na kuna jaribio moja ambalo lingeweza kuniumbua au kunithibitisha. Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za mfumo rasmi. Kifungo cha miaka 30 kipo palepale, lakini bei ya ndiyo kwa msichana mwenyewe imeshuka. Ikiwa hoja yangu ina ukweli, dodoso lilelile la zamani, likisomwa kwa sauti katika madarasa ya vijiji vilevile vya Mwanza, bila kompyuta wala sanduku la kura, lingetoa majibu ya wasichana yaliyokaribia vipimo vya maabara kuliko yalivyokuwa mwaka 1998, huku ya wavulana yakibaki karibu palepale.